Muhula Mmoja kwenye Ghala la Sukari

Nyumba ya pili, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 14 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, wala hujasimama jikoni kumfundisha mkweo kukata vitunguu. Magoti yanaendeleaje? Na baridi ya huko, imepungua au bado unalala na soksi mbili? Tuambie ukweli, usitufiche kama ulivyotuficha ulipoanguka bafuni.

Sisi huku miili ni mizima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti yake ya kugombeza watu haijapungua hata chembe. Mume wangu yuko karakana ile ile, anarudi na grisi mpaka masikioni. Mwanetu ameota meno mawili ya mbele, makubwa kama majembe, na kila mgeni akiingia anaonyeshwa hayo kabla hajapewa kiti.

Barua yako ya mwezi wa nane niliipata. Nimechelewa kujibu, na sitasingizia kazi. Uliniuliza swali moja dogo tu, darasa letu limepakwa rangi gani. Kila nikishika kalamu nikujibu, mkono ulikuwa unaniwia mzito. Leo nimepiga moyo konde. Hakuna rangi, Shangazi. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana darasa lile ulifundisha wewe miaka ishirini na sita, nami nikaingia kwa mlango ule ule uliotokea wewe, na huna mtu mwingine wa kukueleza.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwaka jana nikiwa juu kwa furaha. Shule yetu ilikuwa imepata bahati, itakarabatiwa yote: paa jipya, madirisha, sakafu, vyoo vya watoto wadogo. Ila kazi haiwezi kufanyika watoto wakiwa ndani, kwa hiyo tuhame kwa muhula mmoja. Tulipewa ghala la sukari, lile lililo ng'ambo ya barabara kuu, ambalo wenyewe walishaacha kulitumia.

Wazazi hawakutaka. Mkutano ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mwalimu Mkuu alisoma karatasi ya ofisi ya elimu mwanzo mpaka mwisho, akakaa, akaanza kujipangusa jasho. Ndipo aliposimama fundi cherehani, yule mama mwembamba anayeshona sare zetu. Binti yake alikuwa darasani kwangu. Macho ya mtoto yule ni hafifu sana, anaona mwanga na vivuli tu, lakini shule alikuwa ameijua kwa miguu. Alihesabu. Kutoka getini mpaka mlango wangu hatua arobaini na moja, mlangoni mpaka kwenye dawati lake sita, darasani mpaka chooni ishirini na nane. Wenzake walimwita Bi Hatua, naye jina alilipenda.

Fundi akauliza, kwa upole kabisa, "Huko ghalani mtoto wangu atahesabu nini?"

Mwalimu Mkuu akaifungua tena ile karatasi. Nikasimama mimi. Hakuna aliyenituma, Shangazi. Nikasema, "Nusu yenu mmesoma kwa shangazi yangu. Je, aliwahi kuwadanganya? Na mimi ni damu yake. Ni muhula mmoja tu, halafu tutarudi kwenye shule nzuri kuliko mliyosoma ninyi. Nawaahidi."

Watu walipiga makofi. Fundi hakupiga. Akaniuliza, "Hiyo ahadi ni yako, Mwalimu, au ni ya ofisi?"

Nikajibu, "Ni yangu."

Tukahama mwezi wa kwanza. Wiki ya kwanza ilikuwa kama matembezi. Madawati tuliyafungia kwenye chumba kimoja shuleni, kila mtoto akaja na kiti au kigoda cha kwao, tukavuka barabara kwa mstari, watu mia tatu na kumi na wanane, madereva wakipiga honi na watoto wakiwapungia mikono.

Ghala lenyewe ni chumba kimoja kikubwa, kuta za bati, paa la bati, na matundu ya hewa juu kabisa ambapo hata mume wangu hafiki kwa ngazi. Tuligawanya madarasa kwa mbao za plaiwudi zilizosimamishwa kwa miguu ya chuma. Mbao hizo hazikufika hata nusu ya kimo cha ukuta, hivyo kila sauti ilipanda upande mmoja na kushukia upande wa pili. Wangu wakiimba "ba, be, bi, bo, bu," darasa la tatu nao wakaitikia. Mwalimu wa darasa la nne akiuliza saba mara nane, jibu lilitoka kwangu, kwa mtoto mmoja mropokaji ambaye hata ishirini hajafika kuihesabu. Alisema "hamsini na sita" kwa sababu jana yake alisikia hivyo. Tulicheka mpaka machozi. Nilidhani huo ndio utakuwa mkasa wa kukusimulia.

Halafu watoto wakagundua kwamba kwenye nyufa za sakafu kulikuwa na sukari ya zamani iliyogandamana. Wakawa wanaikwangua kwa vijiti vya peremende na kuila. Tukiwakataza, wanaila tukigeuka. Baada yao wakaja sisimizi. Nilifundisha herufi huku nimesimama ndani ya ndoo mbili tupu, moja kila mguu, maana walikuwa wananipanda mpaka magotini.

Hayo ya kucheka yaliisha mapema. Ilipofika saa tano, bati lilikuwa linawaka. Watoto wadogo wakalala vitini, si kwa uvivu, kwa joto. Vyoo vilikuwa viwili, vilivyojengewa makuli wa magunia, virefu mno kwa watoto wa miaka sita, hata kukwea ngazi zake kulikuwa shida. Na ile barabara. Kila asubuhi na kila mchana nilisimama katikati nikiwa nimeinua mikono yote miwili, nikiomba kimoyomoyo.

Muhula ukaisha. Tukaambiwa umebaki mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, tukaambiwa saruji imechelewa. Wazazi wakamwita Mwalimu Mkuu "Bwana Muhula Mmoja," kwanza kwa siri, baadaye hadharani. Yeye aliitika tu. Mimi hawakunipa jina. Walinisalimia vizuri kabisa, na hiyo ilinichoma zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamweleza hata Mama vizuri.

Bi Hatua alijitahidi kuliko wote. Wiki ya kwanza alipapasa ghala zima, akahesabu upya. Lakini zile mbao hazikukaa mahali pamoja. Kila zilipolegea zilisogezwa, na kila darasa lilipozidiwa na joto lilizivuta za kwake kuelekea palipo na hewa. Alihesabu Jumatatu, Alhamisi akapoteza. Nikaweka sheria kwamba njia yake kutoka mlangoni isiguswe na mtu. Nikaichora chini kwa chaki nene, ingawa hakuiona, ili wengine waione.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita nilichelewa dakika kumi. Nilikuwa barabarani nikiwavusha wa mwisho. Ijumaa iliyotangulia, baada ya sisi kuondoka, mwalimu wa darasa la nne alikuwa amesogeza ubao wake wa plaiwudi kwa nia njema tu, kuwatoa watoto wake kwenye jua lililopenya. Bi Hatua akaingia, akahesabu, akaenda kwa ule mwendo wake wa kujiamini, bila kunyoosha mikono. Alishazoea kutembea hivyo kwetu. Nilimfundisha mimi: tembea na mikono chini, kama wenzako. Akakigonga kile chuma cha kushikia ubao kwa paji la uso.

Zahanati walimshona nyuzi tano, juu kidogo ya jicho la kushoto. Hakulia. Alichouliza ni kimoja, "Nilikosea hesabu, Mwalimu?" Nikamwambia hakukosea. Akasema, "Basi mbona?"

Mama yake alikuja mbio, uzi bado umening'inia begani na tepu ya kupimia shingoni. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane. Alimfunga mtoto kitambaa, akampakata, ndipo akanitazama.

"Sina ugomvi na wewe, Mwalimu. Nilikuuliza, ukanijibu."

Basi. Kesho yake mtoto hakuja, wala siku iliyofuata, na hajarudi mpaka leo.

Mwezi wa saba tukapata habari za jengo. Walipoondoa paa na kubandua plasta, waliona ukuta mrefu umepasuka toka msingini mpaka juu, ufa wa zamani uliofichwa kwa rangi mwaka baada ya mwaka. Mhandisi akasema ukuta huo haubebi paa jipya, na ukibomolewa huo, na nyingine zitafuata. Mkandarasi, ambaye hapo mwanzo alikuja na kofia ya chuma na michoro chini ya kwapa akiwatania watoto, akahamisha vifaa vyake siku moja. Ofisini wakasema suala linashughulikiwa. Nimekwenda mara sita, Shangazi. Benchi la pale nje nalijua kila msumari. Afisa elimu mara zote alikuwa mstaarabu, akanikaribisha, akafungua faili lile lile, akalifunga.

Mvua zilipoanza nikaenda kujionea. Wameizungushia bati. Mlinzi alinifungulia kwa sababu nilimfundisha mwanawe. Nisikufiche. Paa hakuna. Madirisha yameng'olewa na fremu zake. Kwenye darasa letu maji yalifika kifundoni, na zile herufi ulizochora ukutani kwa mkono wako zimechuruzika, kuanzia A mpaka kama M hazisomeki, zilizobaki zimekuwa michirizi ya kijani. Chumba tulichofungia madawati nacho kiliezuliwa, hakuna aliyekumbuka kwamba mna vitu. Rejista za zamani zimegandana kama matofali. Nilijaribu kufungua moja yenye mwandiko wako, karatasi zikatoka vipande vipande mkononi. Nikairudisha. Sikuona maana ya kuichukua.

Wazazi walianza kuondoa watoto. Siwalaumu. Mwenye ndugu mji mwingine alimpeleka kwa ndugu, aliyeweza shule ya kulipia alilipa, na wengine walibaki nao nyumbani tu. Nilipoita majina mwezi wa tisa, shule nzima tulikuwa mia moja na ishirini na mmoja. Kwangu, kumi na tisa.

Nilikwenda kwa fundi cherehani mara tatu. Anaishi na kufanyia kazi chumba kimoja, cherehani iko mlangoni penye mwanga. Binti alikuwa chini, kwenye mkeka, anafumua mishono ya nguo kuukuu kwa kiwembe kilichofungwa kitambaa. Vidole vyake ni vyepesi ajabu. Alinitambua kabla sijasema hodi.

"Mwalimu, hapa nimeshapahesabu pote," akaniambia. "Kutoka kwa mama mpaka mlangoni ni hatua nne."

Nilijitolea kuja jioni kumfundisha hapo hapo. Fundi hakukataa wala hakukubali. Aliendelea kukanyaga cherehani. Mwishowe akasema, "Mfundishe akusubiri, halafu siku moja nawe usije?" Nilitaka kuapa kwamba nitakuja. Shangazi, sikuapa. Sina tena ujasiri wa kumwahidi mtu yule kitu chochote. Nikaaga, nikaondoka.

Barua ya ofisi ilikuja wiki mbili zilizopita. Shule yetu imeunganishwa na nyingine iliyo kilomita tisa kutoka hapa. Ndivyo walivyoandika, imeunganishwa, lakini jina letu halimo. Namba yetu ya usajili imefutwa. Ghala linatakiwa na mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha. Walimu tumetawanywa. Wenzangu wawili wanakwenda na watoto, mimi nimepangiwa kwingine kabisa, darasa la sita, somo la hesabu. Mimi wa kuimba na watoto wa miaka sita! Nimeandika kuomba nibadilishiwe. Nimejibiwa kwamba maombi yamepokelewa.

Mwalimu Mkuu anastaafu mwezi ujao. Nilimkuta akifunga vitabu vyake kwenye boksi la sabuni. Akaniambia, "Usijitese, mwanangu. Tuliambiwa, nasi tukawaambia wengine. Tulikuwa bomba tu la kupitishia maneno." Yeye labda. Mimi sikupitisha maneno ya mtu. Nilitia yangu, na nikatia na lako. Jina lako nililitumia mbele ya watu wale kama dhamana, bila idhini yako, na sasa nikikutana na mtu aliyesoma kwako, naye ananiulizia hali yako, sijui nitazame wapi. Naomba unisamehe hilo. Mengine siyaombei msamaha kwako, wa kuwaomba wapo huku.

Zile picha na karatasi za rangi ulizonikusanyia kwa ajili ya darasa, usizitume. Wape watoto wa jirani yako.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Lori lilikuja asubuhi kuchukua mbao na makabati. Tulikuwa tumewaambia wazazi, na tukadhani wazazi wamewaambia watoto. Nikasimama mbele ya wangu nikasema, "Leo tunaondoka ghalani. Kila mtu abebe kiti chake."

Walishangilia, Shangazi. Waliruka, wakakumbatiana, kelele ikawavutia wa darasa la pili na la tatu, wote wakabeba viti kichwani wakatoka mbio. Nilikuwa nimeinama kuokota chaki. Nilipotoka nje niliona mstari umeshafika barabarani, umejipanga wenyewe vizuri kama nilivyowafundisha, unasubiri gari lipite. Wakavuka. Wakakata kushoto, njia ya shule yetu.

Nilikimbia. Ningeweza kuwawahi njiani, sitakudanganya. Mguu ulikuwa unataka na moyo haukutaka. Walikuwa wanaimba. Hawakuwa wameimba hivyo tangu mwezi wa kwanza. Nikawafuata nyuma tu, nikihema.

Walifika kwenye uzio wa bati wakasimama. Wakaweka viti chini, wakachungulia kwenye matundu ya misumari, mmoja mmoja, wakipishana. Wimbo ukafa. Halafu yule mropokaji wangu akageuka.

"Mwalimu, hawajamaliza?"

Nilichuchumaa. Wote wakanizunguka. Safari hii nikasema kweli. Nikawaambia hawatamaliza. Nikawaambia haturudi hapa, na ghalani haturudi, na Jumatatu wengine watapanda gari kwenda shule nyingine, na mimi sitakuwepo.

Nilitegemea vilio. Mropokaji alifikiri kidogo, akasema, "Basi tukae hapa hapa nje."

Akapanga kiti chake, akakaa akiangalia lile bati. Wa pili akaweka cha kwake pembeni. Wakapanga mistari mitatu, barabarani, kwenye jua, wakakunja mikono, wakaningoja nianze.

Sikuanza. Nilisimama mbele yao na chaki mkononi na sikuwa na pa kuandikia. Wazazi wakasikia, wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengine na nguo za kazi. Kila mmoja aliita mtoto wake, akambeba yeye au akambebea kiti, akaondoka. Mstari wa nyuma ukaisha, wa katikati ukaisha. Kufika saa tisa, barabarani nilibaki mimi na kigoda kimoja kidogo chenye mguu uliofungwa waya. Sikujua ni cha nani. Nilimngoja mwenye nacho mpaka mlinzi akaniambia niende nyumbani.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie binamu yangu, mwambie asikae kimya hivyo, kuandika hakuvunji mkono. Msalimie mkweo, na wale wajukuu wako pacha, mkubwa umbusu na mdogo umfinye shavu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, anasema yeye magoti yake ni mazima na anajua hilo litakuudhi. Mume wangu naye anakusalimu. Mwanetu amechora meno yake pembeni mwa karatasi hii, ukiyaona usidhani ni nyumba.

Mungu akupe afya na usingizi mzuri, na akuweke salama huko ulikoketi mbali na haya.

Nikupendaye siku zote,
mwana wa kaka yako.